Siku Moja ya Magofu Nje ya Roma: Kwa Nini Ostia Antica, na Namna ya Kuipanga Safari

Swali: Mimi ni afisa wa ghala katika ushirika wa wakulima wa mahindi mkoani Morogoro. Mwezi Oktoba nitakwenda Roma kwa mkutano wa wiki moja, nami nitafuatana na mama yangu mwenye umri wa miaka 68 na binti yangu wa miaka 14. Mkutano ukiisha tutabaki na Jumapili na Jumatatu, ila siku moja kati ya hizo tumewaahidi jamaa zetu wanaoishi huko. Siku ya pili tungependa kwenda kuona magofu ya Warumi wa kale nje ya jiji na kurudi jioni. Kila niliyemuuliza ananiambia twende Pompeii. Mama magoti yanamsumbua, na ni Mkatoliki ambaye asingependa kukosa Misa ya Jumapili. Je, Pompeii inafaa, na siku hiyo tuipangeje?

Jibu: Dada yangu, kwa hali uliyoieleza ninakushauri Pompeii uiache kwa safari nyingine, mwende Ostia Antica, na mwende Jumapili. Jumatatu muwape jamaa zenu. Sababu nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa najua mtu akisharudi nyumbani ataulizwa na wengi kwa nini alifika Italia asione Pompeii, na ni vizuri awe na jibu.

Pompeii haina mpinzani kwa yale iliyoyahifadhi. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 baada ya Kristo, mji uliokuwa na shughuli zake za kila siku ulifunikwa kwa majivu na vijiwe vya volkano, na leo mgeni anaona michoro ya rangi ukutani, mikate iliyoungua na nyumba za matajiri zenye bustani zake. Shida yake ni umbali. Kutoka Roma utapanda treni ya mwendo kasi hadi Napoli, safari ya saa moja na dakika kama kumi, kisha ushuke chini ya kituo hichohicho na kutafuta treni ndogo ya wilaya, ambayo mara nyingi hujaa hadi watu wanasimama, na ambayo itakuchukua zaidi ya nusu saa nyingine hadi kwenye kituo cha magofu. Ukijumlisha kutoka hotelini, kusubiri na kubadilisha treni, hutoki Roma na kuingia getini kwa chini ya saa mbili na nusu, na jioni ni vilevile. Tangu Novemba 2024, idadi ya wageni wanaoruhusiwa kuingia imewekewa kikomo cha watu 20,000 kwa siku na tiketi huandikwa jina la mwenye nayo, kwa hiyo safari ya kubahatisha haifai tena. Na ndani ya mji wenyewe, barabara zina vivuko vya mawe makubwa na kingo za juu ambazo kijana huziruka kwa furaha, lakini mtu mwenye magoti mabovu atazihesabu moja baada ya nyingine. Mama atakuwa amechoka kabla hajaona lolote.

Ostia Antica iko takriban kilomita 25 kutoka katikati ya Roma, na mnafika kwa treni ya kawaida ya jiji. Ulikuwa mji wa bandari wa Roma, mahali Mto Tiber ulipoingia baharini. Leo bahari imerudi nyuma kilomita kadhaa kwa sababu ya udongo ulioletwa na mto. Haukufa kwa siku moja kama Pompeii. Ulikua, ukafikia kilele chake katika karne ya 2, ukikadiriwa kuwa na wakazi 50,000 hivi, kisha biashara ikahamia kwenye bandari nyingine, malaria ikazidi, watu wakaondoka kidogo kidogo na mchanga ukafunika kilichobaki. Sehemu kubwa ya magofu unayoyaona leo ilifukuliwa kwa haraka kati ya 1938 na 1942, chini ya mwanaakiolojia Guido Calza, ili ionyeshwe katika maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyopangwa kufanyika Roma mwaka 1942 na ambayo hayakufanyika kwa sababu ya vita. Wanaakiolojia wa leo huisikitikia haraka ile, maana mengi yaliondolewa bila kuandikwa vizuri, lakini kwa mgeni wa siku moja imeacha mji mzima unaotembeleka: barabara, majengo ya ghorofa, maghala, viwanda vya mikate, hamamu (nyumba za kuogea za umma) na mahekalu, vyote vikiwa mahali pake.

Kwako wewe ipo sababu kubwa zaidi. Pompeii inaonyesha jinsi watu walivyoishi. Ostia inaonyesha jinsi jiji kubwa lilivyolishwa. Tangu zama za mfalme Augustus, wanaume wapatao 200,000 wa Roma walikuwa na haki ya kupewa nafaka bure, na nafaka hiyo ilitoka Misri, Sicilia, Sardinia na Afrika Kaskazini, ikapita mikononi mwa watu wa hapa. Mtu wa ghala akitembea Ostia huona mambo ambayo watalii wengine huyapita bila kugeuza shingo.

Sasa kuhusu siku. Ostia Antica hufungwa kila Jumatatu, na kosa la kufika Jumatatu na kukuta lango limefungwa ni la kawaida mno miongoni mwa wageni. Pompeii hufunguliwa Jumatatu, na huenda ndiyo maana baadhi ya washauri wako waliitaja. Jumapili ndiyo siku yenu, na kama itakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, kiingilio ni bure kwa wote, kama ilivyo katika makumbusho yote ya serikali ya Italia. Watu watakuwa wengi kidogo, ila eneo ni pana na hawasongamani. Jumapili nyingine wewe na mama mtalipa, na binti yako ataingia bure, kwa kuwa walio chini ya miaka 18 hawalipi hata kama si raia wa Ulaya. Mchukue pasipoti yake kwa ajili ya kuthibitisha umri. Lango kwa kawaida hufunguliwa saa 2:30 asubuhi. Saa ya kufunga hubadilika kufuata machweo, na mwezi wa Oktoba hurudi nyuma, kwa hiyo iangalieni kwenye tovuti rasmi ya hifadhi wiki hiyohiyo, mkikumbuka kwamba mtu wa mwisho huruhusiwa kuingia saa moja kabla ya kufunga. Ratiba zote za Italia huandikwa kwa mtindo wa saa 24.

Usafiri ni mwepisi. Chukueni treni ya chini ya ardhi, laini B, kuelekea Laurentina, mshuke kituo cha Piramide. Kutoka Termini, kituo kikuu cha treni cha Roma, ni kituo cha nne. Ikiwa mkutano wako utakuwa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na hoteli yenu iko jirani, kutoka kituo cha Circo Massimo ni kituo kimoja tu. Ndani ya Piramide fuateni vibao vya Roma-Lido, ambayo siku hizi huitwa pia Metromare, mvuke hadi majukwaa ya jirani yanayoitwa Porta San Paolo. Tiketi moja ya kawaida ya usafiri wa jiji, ile ya dakika 100, inatosha kwa treni zote mbili mradi msitoke nje ya mageti katikati ya safari, kwa sababu mkitoka mtahitaji tiketi nyingine. Safari ni nusu saa hivi. Shukeni kituo kilichoandikwa Ostia Antica na si kingine. Mkaazi wa Roma akisema Ostia tu, mara nyingi anamaanisha mji wa ufukweni ulio mbele zaidi, na wapo wageni wanaojikuta kwenye fukwe za kuogelea wakiulizia mahekalu. Kutoka kituoni kuna daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu, lenye ngazi, kisha mwendo wa dakika chache hadi getini. Ngazi hizo ndizo mtihani wa kwanza wa magoti ya mama, kwa hiyo msikimbizane.

Jioni mtakaporudi, kama nguvu bado ipo, tokeni nje ya kituo cha Piramide muone piramidi yenyewe, kaburi la Caius Cestius lililojengwa katika miaka ya mwisho kabla ya Kristo. Maandishi yaliyo juu yake yanasema kazi ilikamilika kwa siku 330. Haina kiingilio kwa mtu anayeitazama kutoka barabarani, na dakika tano zinatosha.

Mkiingia getini mtatembea kwanza kati ya makaburi, maana Warumi walizika nje ya mji, kando ya barabara. Msiyakawilie. Baada ya lango la kale la mji huanza barabara kuu, Decumanus Maximus, inayoukata mji mzima kwa zaidi ya kilomita moja, iliyotandikwa mawe meusi ya volkano ambayo kwa karne nyingi yamelainika na kupindapinda. Humo ndimo viatu vinapopimwa. Mama avae raba zenye soli nene, asivae kandambili wala viatu vya kwenda kanisani, na kama ana fimbo aje nayo. Mara nyingi kuna njia ya udongo pembeni ya mawe, aifuate hiyo.

Kosa la wageni wengi ni kusimama kila mahali katika nusu saa ya kwanza, kisha wakifika kwenye sehemu bora miguu imekwisha. Katika miezi ya Juni hadi Agosti mimi huwashauri watu wenye afya nzuri waende moja kwa moja hadi mwisho wa mji asubuhi kungali baridi, kisha warudi polepole kuelekea kivulini. Kwa ninyi, mwezi wa Oktoba na mkiwa na mama, ninapendekeza kinyume chake: mwanzo wa mji muutazame wote watatu kwa utulivu, mpumzike, kisha wewe na binti mwende mbele peke yenu.

Kituo cha kwanza kiwe Hamamu za Neptune, upande wa kulia. Kuna ngazi za kupanda kwenye jukwaa ambalo kutoka juu yake unaona sakafu kubwa ya mozaiki, yaani picha iliyopangwa kwa vijiwe vidogo vyeusi na vyeupe: mungu wa bahari akivutwa na farasi wanne wenye mikia ya samaki. Jengo hili lilianzishwa chini ya mfalme Hadrian na kumalizwa mwaka 139. Mama anaweza kubaki chini; binti apande apige picha amwonyeshe. Hatua chache mbele kuna ukumbi wa tamthilia, uliojengwa mara ya kwanza na Agrippa, kiongozi wa zama za Augustus, na kupanuliwa mwishoni mwa karne ya 2, ambao ngazi zake za kukalia zimefanyiwa ukarabati mkubwa na bado hutumika kwa maonyesho. Mkikaa hapo kwa dakika kumi, mkitazama mbele kati ya nguzo, mtaona uwanja wenye miti. Huko ndiko ninakotaka mtumie muda.

Uwanja huo huitwa Piazzale delle Corporazioni, uwanja wa vyama vya wafanyabiashara. Pande zake tatu zimezungukwa na vyumba vidogo vipatavyo 60, na mbele ya vingi kuna mozaiki inayotaja wenye ofisi na kazi yao. Kuna wenye meli wa Carthage, wa Misua na wa Sullecthum, bandari ambazo leo ziko Tunisia. Kuna watu wa Alexandria, wa Narbonne ya Ufaransa na wa Cagliari ya Sardinia. Picha ni za meli zenye matanga, pomboo, mnara wa taa, vipimo vya nafaka. Katika moja yao mtu anapita kutoka meli ya baharini hadi kwenye chombo cha mtoni akiwa na mtungi begani, na picha hiyo peke yake inaeleza mji mzima ulikuwa na kazi gani: meli kubwa hazikuweza kupanda mto hadi Roma, kwa hiyo kila gunia na kila mtungi uliguswa na mkono wa mchukuzi wa hapa. Wasomi wanabishana kama vyumba hivi vilikuwa ofisi za kweli au kumbukumbu za waliochangia ujenzi wa ukumbi ulio jirani, na mimi naona mabishano hayo hayapunguzi chochote, kwa sababu kwa vyovyote vile orodha ya bandari ni ileile.

Mtafuteni tembo. Yuko kwenye chumba cha watu wa Sabratha, bandari iliyo Libya ya leo, akiwa na maandishi mafupi ya jina la mji wao. Pembe za ndovu zilikuwa bidhaa ya thamani kubwa Roma, na Sabratha haikuwa njia pekee ya kuzipata. Mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya 1, ulioandikwa kwa Kigiriki na mtu aliyezijua bandari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, unaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania (jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki), ambalo wataalamu wengi huliweka mahali fulani katika pwani ya Tanzania, na kusema kwamba lilitoa pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Bidhaa hizo zilipanda kaskazini hadi Misri iliyokuwa chini ya Roma. Siwezi kukuambia kwamba pembe kutoka kwetu ilipita katika chumba hiki, maana hakuna maandishi yanayosema hivyo. Ninachosema ni kwamba soko lililoishia Ostia lilianzia mbali kuliko vitabu vingi vya watalii vinavyoonyesha.

Kutoka hapo rudini Decumanus, mwendelee mbele kidogo, kisha mkunje kulia kwenye mtaa wa Via dei Molini. Pembeni yake ni maghala makuu ya nafaka, Grandi Horrea. Kwa wageni wengi ni kuta za matofali tu zenye majani, na mara nyingi huwezi kuingia ndani, lakini wewe simama utazame sakafu. Katika vyumba vingi sakafu ya juu iliinuliwa kwa vijikuta vifupi ili hewa ipite chini na unyevu usipande kwenye nafaka. Vyumba ni vyembamba na virefu, kuta ni nene kupita kiasi, kwa sababu nafaka iliyolundikwa husukuma ukuta kwa nguvu na pia hupata joto inapohifadhiwa vibaya. Mambo haya wewe huna haja ya kuelezwa na mtu kama mimi. Ng'ambo ya mtaa kuna kiwanda cha unga na mikate, ambamo mawe ya kusagia ya volkano bado yamesimama katika mistari. Kila jiwe lilizungushwa na mnyama, punda au nyumbu, na ukitazama nafasi kati ya jiwe na jiwe utaona jinsi alivyobanwa azunguke hapohapo siku nzima.

Mtaa unaofuata, Via di Diana, una majengo ya ghorofa ya nyumba za kupangisha, ambayo Pompeii haiyaonyeshi namna hii. Maduka yalikuwa chini, wapangaji juu. Aliyelipa zaidi alikaa karibu na ardhi, na mwenye kipato kidogo alipanda hadi juu kabisa ambako maji hayakufika. Katika mtaa huohuo kuna mgahawa wa kale wenye kaunta ya mawe, rafu za marumaru za kupangia vyombo na, ukutani, mchoro wa vyakula uliofifia. Mbele kidogo ni jumba la makumbusho, na karibu nalo mkahawa wa siku hizi, viti na vyoo. Mtakuwa mmetumia saa mbili hadi mbili na nusu, na hapa mama apumzike kweli, si kwa dakika tano. Kama jumba la makumbusho liko wazi, vyumba vyake vya sanamu havina mwendo mrefu na anaweza kuvitembelea peke yake kabla ya kurudi kwenye kiti chake.

Wewe na binti nendeni kwenye Forum, uwanja mkuu wa mji, ambako hekalu kubwa la matofali la zama za Hadrian limesimama juu ya mji wote. Lilikuwa limevikwa marumaru, na marumaru hayo yaliporwa karne kwa karne. Karibu na hamamu za Forum muulizieni choo cha umma. Ni benchi la marumaru lenye matundu kama 20, bila ukuta wa kutenganisha mtu na mtu, na sijawahi kumwona kijana wa umri wa binti yako asiyetaka kupiga picha hapo. Kisha fuateni barabara ya Via della Foce, upande wa kulia baada ya Forum. Ghala la Epagathus na Epaphroditus, watumwa wa zamani walioachwa huru wakawa wafanyabiashara, liko jirani na njia hiyo. Majina yao bado yamo kwenye bamba la marumaru juu ya mlango wa matofali uliojengwa kwa ustadi mkubwa.

Mbele zaidi kwenye Via della Foce kuna ukumbi wa chama cha wapimaji wa nafaka, na huo ndio ninaokusihi usiukose. Mozaiki ya sakafu inaonyesha kazi yao ikiendelea. Mchukuzi anafika na gunia begani. Kipimo kimewekwa chini, na mpimaji ameshika fimbo ya kufutia kipimo, ile inayopitishwa juu ya ukingo ili kilichozidi kidondoke. Wazee wetu wangesema ni pishi ya mfuto. Mtoto ameshika uzi wa kuhesabia magunia. Mtu aliyekulia katika mabishano yetu ya lumbesa hahitaji kuambiwa kwa nini kulikuwa na chama kizima cha watu wenye kazi ya kusimamia fimbo hiyo, wala kwa nini walikuwa na uwezo wa kujijengea ukumbi na hekalu. Angalizo moja: baadhi ya mozaiki za Ostia hufunikwa katika miezi ya baridi ili barafu na mvua visizipasue. Oktoba kwa kawaida bado ni mapema, lakini muulize mhudumu getini kabla ya kwenda mbali.

Kutoka hapo, kama miguu ya binti ingali na nguvu, nendeni hadi mwisho wa Decumanus na kutoka nje ya lango la baharini, kwenye sinagogi. Liligunduliwa mwaka 1961 wakati wa kujenga barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Fiumicino, na ni miongoni mwa masinagogi ya kale zaidi yanayojulikana Ulaya Magharibi; kinara cha matawi saba kimechongwa kwenye mawe yaliyo juu ya nguzo. Kwenda na kurudi hadi kwenye mkahawa hesabuni saa moja na nusu pamoja na kusimama. Mkiona mmechelewa, acheni sinagogi na mahali pengine pote, msiache wapimaji.

Kuhusu Misa, mpango unaofaa zaidi uko nje ya magofu. Mkitoka getini, upande wa pili kuna kijiji kidogo chenye kuta, kilichojengwa katika Zama za Kati kwa ajili ya wakazi waliobaki, na ngome ya karne ya 15 kando yake. Ndani ya kijiji kuna kanisa la Sant'Aurea. Ulizeni ratiba ya Misa ya Jumapili mapema, kwa simu kupitia hoteli yenu. Ikiwa saa haziendani na safari, msali Roma Jumamosi jioni. Lakini hata kama hakuna Misa wakati huo, mpelekeni mama humo. Mwaka 387 Mtakatifu Monika, mwanamke wa Afrika kutoka Thagaste, mji ulio Algeria ya leo, alifika Ostia pamoja na mwanawe Augustino wakisubiri meli ya kurudi nyumbani. Augustino mwenyewe amesimulia jinsi walivyosimama dirishani lililotazama bustani wakizungumza juu ya uzima wa milele, na jinsi siku chache baadaye mama yake alivyoshikwa na homa. Mwanawe mwingine alitaka asifie ugenini. Yeye akajibu kwamba mwili wauzike popote, wasihangaike nao, ila wamkumbuke altareni. Alikuwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Mwaka 1945, vijana waliokuwa wakichimba shimo karibu na kanisa hili walikuta kipande cha bamba la marumaru lenye maneno ya kaburi lake, na kipande hicho kimewekwa ndani ya kanisa. Masalia yake yalihamishwa hadi Roma mwaka 1430 na yako katika kanisa la Sant'Agostino, jirani na Piazza Navona, mahali ambapo Jumatatu mnaweza kupita pamoja na jamaa zenu bila tiketi wala foleni.

Kijijini kuna migahawa ya kula mchana. Jumapili hujaa familia za Kiroma, nazo hukaa mezani muda mrefu, kwa hiyo ama muweke nafasi, ama mbebe chakula chenu. Mimi hupendelea la pili: mikate, matunda na chupa tupu za maji, maana ndani ya magofu kuna bomba za maji safi ya kunywa yasiyolipiwa. Mchukue pia koti jepesi la mvua badala ya mwavuli, kwa kuwa mvua za Oktoba huja kwa kishindo na mawe yale yakilowa huteleza. Ikiwa utabiri unaonyesha mvua ya siku nzima, nisingempeleka mama kabisa. Mngebaki Roma mkaingia Baths of Diocletian, makumbusho yaliyo mbele ya kituo cha Termini, ambayo yana paa. Pesa na pasipoti ziwe mfukoni wa ndani, hasa kwenye treni ya laini B, ambako vibaka huwalenga wageni wanaosoma ramani mlangoni.

Jambo jingine msilijaribu, ingawa ramani itawashawishi. Ng'ambo ya mto, karibu na uwanja wa ndege, kuna Portus, bandari iliyoanzishwa na mfalme Claudius mwaka 42 na kupanuliwa na Trajan kwa bwawa la pande sita, kila upande ukiwa na takriban meta 358. Inaonekana karibu kwenye karatasi, lakini bila gari ni safari ya pekee. Bwawa lenyewe lingali na maji, na ndege inapotua au kuruka Fiumicino mara nyingine huonekana wazi kutoka juu, kwa hiyo wakati wa kuchagua viti mwombee binti dirisha.

Mwisho ni migomo. Usafiri wa umma Roma hugoma mara kwa mara, zaidi siku za kazi kuliko Jumapili, na hutangazwa siku kadhaa kabla. Neno la kutafuta kwenye vibao ni sciopero. Siku ya mgomo treni huhakikishwa kutoka alfajiri hadi saa 2:30 asubuhi, na tena kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku. Ikitokea hivyo Jumapili yenu, pandeni treni ya saa 1:45 asubuhi au iliyo karibu nayo, mnywe kahawa kijijini hadi lango lifunguliwe, na msianze safari ya kurudi kabla ya saa 11.